Malenge Yaliyokosa Nyuki

Jumatatu, 10 Septemba 1984

Nimefagia maua mara mbili leo. Mjakaranda wa mbele ya ukumbi hauna adabu. Unamaliza, unasimama kupumua, umemwaga tena. Watoto wanateleza juu yake na mama zao wananilaumu mimi, mtunza ukumbi, kana kwamba maua ni yangu.

Lakini maua Septemba? Nikafungua sanduku, nikatoa shajara za zamani. Kila Krismasi kampuni moja ya bima hugawa shajara, nami huchukua. Sina siri za kuandika, kwa hiyo huandika kufagia. Mwaka wa 1973: nilianza kufagia maua mwisho wa Oktoba. 1977: katikati ya Oktoba. 1981: Oktoba ndiyo kwanza imeanza. Sasa Septemba haijafika hata nusu.

Ukame, watu wanasema. Kweli, masika yalikataa. Lakini 1977 mvua ilitupiga mpaka ukumbi ukavuja, na bado maua yaliwahi. Na Julai iliyopita sikuvaa koti. Nilipoanza kazi hapa Mbotela, Julai bila koti ulikuwa unatafuta ugonjwa wa kifua. Sasa hata mbu tunao. Mbu, Nairobi! Sijui kama ni dunia inayopata joto au ni mimi ninayezeeka. Shajara hazizeeki, na zinasema ni dunia.

Jumatano, 12 Septemba

Nyuki wamejaa mferejini. Madimbwi ya bondeni yamekauka, kwa hiyo wanakuja kunywa pale pale akina mama wanapochota. Watatu wameumwa. Makelele.

Mwikali, mke wangu, amewawekea karai la maji pembeni, na vijiti vya kusimamia wasizame. Akina mama walimcheka. Kufikia saa saba nyuki wote walikuwa karaini na mfereji uko huru. Nilijivuna kidogo, ingawa wazo halikuwa langu.

Nimewafuata kwa macho nijue wanalala wapi. Wameingia dari ya ukumbi, upande wa jukwaa. Wengi sana. Baba yangu kule Machakos angefurahi. Alikuwa na mizinga ya magogo kumi na tano, kila mmoja umechongwa alama ya ukoo, na alipovuna aliacha sega moja kila mara. La wenye nyumba, alisema.

Mwikali anasafiri kesho kumzika shangazi yake. Atarudi Jumatatu.

Ijumaa, 14 Septemba

Kesho kuna karamu ya harusi ukumbini. Mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuja saa nne. Hakukaa. Alisema nyuki wamalizwe leo, la sivyo kamati itatafuta mtunza ukumbi anayeiweza kazi.

Nimewamaliza. Nimeziba matundu kwa matambara, nikapuliza dawa ya mende, kisha nikaingiza moshi wa gunia lililolowa mafuta ya taa. Walivuma kwa muda mrefu. Halafu wakaacha.

Madebe mawili ya nyuki waliokufa. Masega yalikuwa manene, yamejaa, lakini yalikuwa yamenyonya sumu. Nimeyafukia nyuma ya choo. Mkamba kufukia asali. Sijui hata niandike nini.

Ningeweza kuomba siku mbili. Ningeweza kumtafuta mtu wa kuwahamisha. Niliogopa kupoteza kazi, na nyumba inayokuja na kazi. Sababu ni hiyo, sina nyingine.

Jumatatu, 17 Septemba

Mwikali amerudi. Hata mzigo hajatua vizuri: nyuki wako wapi? Alikuta karai limejaa maji, hakuna hata mmoja.

Nikamwambia wamehama. Joto, nikasema. Akatikisa kichwa kwa huruma, akamwagia sukuma wiki maji ya karai. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na sijawahi kumdanganya kwa urahisi namna hiyo.

Alhamisi, 20 Septemba

Shamba la akina mama limechanua. Niliandike vizuri, maana ndilo linalotushikilia mwaka huu. Ni kipande kando ya mto, nyuma ya mtaa. Wako kumi na mmoja, kila mmoja na sehemu yake. Mahindi yalikauka Mei. Julai wakapanda malenge, wakayanywesha kwa ndoo kutoka mtoni kila jioni, mpaka mabega ya Mwikali yakawa kama ya mpakiaji mizigo. Dukani unga ni wa kupigania, na ukiupata ni wa mahindi ya njano ambayo watoto wanayasukuma kando. Malenge ndiyo chakula cha Desemba.

Binti yetu Ndunge yuko Njiru na watoto wawili, na mumewe hajapata kazi tangu machimbo ya mawe yapunguze watu. Nao wanayangojea.

Mwenyekiti wa kikundi ni Mama Wambui, mtu wa Murang'a. Sehemu yake haina hata jani moja lisilotakiwa, na amewafundisha wote hivyo. Udongo wao umefagiwa kuliko ukumbi wangu. Maua ya njano ni makubwa kama visahani. Mwikali alinishika mkono kunionyesha. Ameshaanza kugawa malenge ambayo hayajazaliwa: haya ya Ndunge, haya ya kanisa, haya yetu.

Joto kali. Saa tatu asubuhi maua yamesinyaa. Kule nyumbani nikiwa kijana yalikaa wazi mpaka saa tano.

Jumanne, 2 Oktoba

Habari mbaya. Vitoto vya malenge vinaanguka. Kila ua jike lina kitunda chini yake, kiasi cha yai la njiwa. Kinageuka njano, kinalainika, kinaoza. Mwikali amekuja na kumi na viwili kwenye leso. Ameviweka mezani, akakaa kuviangalia.

Akina mama wana maelezo mengi. Maji ya mto ni machafu. Samadi ilikuwa mbichi. Mbegu za soko. Lakini wote wanamalizia na joto. Mwikali pia alisema joto, akanitazama nimuunge mkono. Nikamuunga.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimekwenda shambani jua likichomoza, kuhakikisha jambo ambalo tayari nalijua. Nikageuza ndoo, nikakaa mbele ya maua sita ya Mwikali. Yalifunguka. Yalingoja. Saa moja, saa mbili. Nzi mmoja alipita. Kabla ya saa tatu yalikuwa yamejikunja, hakuna aliyeyagusa.

Hakuna wa kubeba lile vumbi la njano kutoka ua dume kwenda ua jike. Ni somo la darasa la tano. Joto limefanya yake: maua yanawahi, yanafunga mapema, madimbwi yamekauka, nyuki wa mabondeni wamepungua. Waliosalia walikimbilia kwangu. Mimi nikafanya yangu.

Jumapili, 7 Oktoba

Kumbe kuna sehemu moja inayozaa. Ya Nyambura, kona ya chini kabisa. Malenge saba ya kijani, yamekaza, yananenepa.

Nyambura anafanya kazi kiwandani Baba Dogo. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, na watoto watatu anawalea peke yake. Husali ibada ya kwanza, kisha huja shambani Jumapili, siku ambayo wenzake hawashiki jembe. Hana wakati wa kupalilia. Kona yake ni pori. Na sasa ndiyo pekee yenye malenge. Maneno yaliyofuata sihitaji kuyaandika yote.

Wamepata mfupa kwenye magugu yake. Mama Wambui aliniita niukague, ati mimi Mkamba nitatambua kama ni uganga. Niliutambua. Ni mfupa wa paja la ng'ombe, wa buchari ya pale njiani, umeletwa na mbwa. Niliwaambia hivyo. Hawakulipenda jibu. Wanaona Mkamba akikana uganga, basi anauficha.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ulifunguka, ukafungika.

Jumatatu, 8 Oktoba

Kikao ni Jumapili ijayo. Watampigia Nyambura kura atoke kikundini, sehemu yake igawanywe, na malenge yake pia.

Mwoga. Hilo ndilo neno langu leo.

Jumatano, 10 Oktoba

Asubuhi kwenye kona ya Nyambura. Nilikwenda kuona kwa nini kwake tu.

Kila kitu kinachanua pale. Kishonanguo, kile cha maua meupe kinachokunasa suruali mpaka goti. Mnavu. Mchicha uliozeeka. Kitambaazi cha maua ya samawati nisichokijua jina. Na wageni wa kila rangi: nyuki weusi wakubwa, wale wanaotoboa mbao za ukumbi, vinyuki vidogo kama chawa wa kuku, nzi wenye mistari wanaojifanya nyigu, mbawakawa wa kijani, vipepeo. Nimehesabu aina tisa, kisha zikanichanganya. Nyuki wa asali, sikuona hata mmoja. Lakini hawa wengine walikuwa wakitoka kwenye magugu, wanaingia kwenye maua ya malenge, wanatoka na vumbi mgongoni.

Nimeelewa polepole, mimi si msomi. Kwenye zile sehemu safi kazi yote ilikuwa ya nyuki wa asali. Akikosekana, kazi imesimama. Kwa Nyambura kuna wafanyakazi wa kila aina, kila mmoja na saa yake na joto analoliweza. Jua likimshinda mmoja, mwingine anapokea. Wao wanamwita mvivu. Ni uchovu, wala si uvivu, na uchovu wake umewapa wadudu wote mahali pa kula.

Nilikuwa nimepewa gundi ya kuziba mashimo ya wale weusi kwenye mbao. Sitaziba.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimejaribu kumwambia Mwikali mara tatu. Kwenye chai. Kwenye mfereji. Tulipokuwa tunakunja shuka. Mara ya tatu aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni joto. Nitakoma lini?

Jumapili, 14 Oktoba

Nimesema.

Kikao kilikuwa ukumbini, baada ya ibada. Mama Wambui alisoma mashtaka kutoka daftarini: malenge saba, magugu, mfupa, kulima Jumapili. Nyambura alisimama na kikapu chake mkononi, tayari kuondoka. "Mimi hata kuchana nywele sina wakati," akasema. "Nitatoa wapi wakati wa kuroga mtu?"

Wawili watatu wakacheka. Mama Wambui hakucheka. Akaitisha kura. Mkono mmoja ukainuka, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa Mwikali ulikuwa bado mapajani, lakini nilimjua anavyokaza vidole kabla ya kuamua jambo asilolipenda.

Nikasema nikiwa mlangoni, fagio mkononi. Nilisema yote kwa pumzi moja, nisije nikarudi nyuma. Dawa ya mende, gunia, madebe mawili, asali niliyofukia. Kwamba maua yao hayana ugonjwa ila yamekosa wa kuyahudumia. Kwamba Nyambura hakuroga mtu. Magugu yake yamelisha wadudu ambao wao wamewafukuza kwa jembe na mimi kwa moshi. Nilipomaliza, wote wakainua macho kuangalia dari.

"Na wewe ni Mkamba!" akasema Mama Wambui. Kwake hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa zaidi. Hata Nyambura alicheka. Mikono ikashuka mmoja mmoja, na kura haikuhesabiwa tena.

Mwikali alisema neno moja tu. "Uliniambia ni joto."

Jumatatu, 15 Oktoba

Mwikali haongei nami. Chai ilipikwa, kikombe kimoja, chake. Nimekula mkate mkavu. Ni haki yangu.

Kikundi kimenipiga faini. Nyambura ndiye aliyeipendekeza, kabla ya kukimbilia basi lake: "Ameua wafanyakazi. Basi afanye kazi yao." Asubuhi zangu zote, mpaka maua yaishe. Sijawahi kusikia hukumu ya haki kama hiyo.

Jumanne, 16 Oktoba

Mimi ni nyuki wa kilo themanini.

Unachuma ua dume, unalivua mavazi yake ya njano, unabaki na kile kidole cha katikati chenye vumbi. Unagusia moyo wa ua jike, polepole. Unakwenda kwa linalofuata. Kazi ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu, na inabidi umalize kabla ya saa mbili na nusu, maana joto likipanda maua yanafunga duka. Na madume yamekuwa mengi kuliko majike mwaka huu. Sijui kama hilo nalo ni joto. Nimegusa ishirini na manne. Nimeyafungia nyuzi nyekundu niyatambue.

Akina mama walisimama kando wakinielekeza. "Baba Ndunge, hilo umeliruka!" Wanafurahia kupita kiasi. Nikiinama, wanavuma. Magoti yamekwisha.

Mwikali hakuja.

Alhamisi, 18 Oktoba

Thelathini na moja leo. Nimejikuta nikiyazungumzia maua. Nyambura alipita kidogo kabla ya kwenda kazini, akanionyesha namna ya kuvua ua kwa mkono mmoja. Aligundua mwenyewe kwa kuangalia mara moja. Nilimwomba msamaha tena. Akasema amechelewa basi.

Ijumaa, 19 Oktoba

Mwikali amekuja. Alianza mstari wa pili, akanipita kufika katikati, maana vidole vyake ni vyepesi. Nikamwona Mama Wambui akimtazama. Kisha naye akafunga leso kiunoni, akainama. Baada yake hakuna aliyebaki amesimama. Kufikia saa mbili kasoro robo tulikuwa tumemaliza shamba zima.

Nilitaka kulia, nikajisingizia vumbi.

Mawingu upande wa Ngong.

Jumatano, 24 Oktoba

Mvua! Tangu jana mchana. Ukumbi unavuja pale pale pa mwaka wa 1977, na sijali.

Nimekwenda kuangalia nyuzi zangu nyekundu. Katika yale ishirini na manne ya siku ya kwanza, kumi na tisa yamekaza. Nimeyabonyeza moja moja kwa kidole gumba, kama mnunuzi msumbufu. Magumu. Ya kijani. Yanang'aa.

Vyura wameanza kando ya mto. Miezi mingi sikuwasikia, na nilikuwa nimewasahau kabisa, hilo ndilo linalonitisha. Mwikali alikuwa nyuma yangu na gunia kichwani. "Sikia," akasema. Ni neno lake la kwanza kwangu katika siku kumi. Tulisimama tukasikia, tumelowa chapachapa.

Jumamosi, 3 Novemba

Kwa Kioko, mchongaji, tuliyekua naye kijiji kimoja. Siku zote anachonga twiga wa watalii. Nilipomwambia nataka mzinga wa gogo, aliweka tezo chini akanitazama. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, akavuta gogo alilokuwa amelificha kwa ajili ya kitu kizuri.

Tumelichimba siku nzima. Alama ya baba nimeichonga mwenyewe: mistari miwili na nusu duara. Mkono haukuwa umesahau. Tumepaka nta ndani, tukauning'iniza kwenye mti ng'ambo ya shamba, mbali na njia ya watoto.

Mwenyekiti wa kamati alikuja kuuliza hicho ni nini. Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba nyuki wakirudi ukumbini nitawahamisha, sitawaua, na kamati ikitaka mtu mwingine itafute. Akautazama mzinga, akauliza kama asali kweli inasaidia kikohozi. Nikasema inasaidia. Akaenda zake.

Mzinga ni mtupu. Pengine mwaka ujao, pengine wa baada yake.

Jumapili, 18 Novemba

Ugomvi. Mvua imeotesha magugu, na Mama Wambui anataka yang'olewe yote, pamoja na ya kona ya Nyambura. Nyambura amesema atakayegusa magugu yake amguse na yeye. Akina mama wamegawanyika katikati.

Nikarudi nyumbani, nikachukua shajara. Sijawahi kumsomea mtu. Nikawasomea siku za kwanza za kufagia maua, mwaka kwa mwaka, tangu 1973. Niliona aibu kama mtu aliyevuliwa shati. Lakini walisikiliza. Mmoja akakumbuka kumbikumbi walikuwa wakitoka lini alipoolewa. Mwingine akakumbuka baridi iliyokuwa ikiunguza majani ya viazi kwao Kinangop, ambayo sasa haijulikani itakuja lini. Kila mtu alikuwa na kipande chake, hakuna aliyewahi kuviunganisha.

Nikasema hivi: joto hili sisi hatuna rungu la kulipiga. Mwakani hatujui nani atawahi na nani atachelewa, ua au nyuki. Tukitegemea mmoja, tutaoza naye. Tukiwa na wengi, yuko atakayefika kwa wakati. Basi tuache ukanda wa magugu mipakani, si shamba lote.

"Mama yangu akiniona na magugu shambani, atanikana," akasema Mama Wambui. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Nilimwelewa. Alikuja mjini hana kitu ila kulima vizuri, na shamba safi ndilo jina lake. Hatukuamua lolote. Kila mtu akaenda kwake.

Jumamosi, 8 Desemba

Mavuno.

Si kama walivyoota Septemba. Lakini kila mmoja amepata, na wengine wamepata ya kugawia majirani. Tumeyapanga ukumbini sakafuni, na watu wa mtaa walikuja kuyatazama tu, bila kununua, wameshika watoto mikono. Ya Nyambura, yaliyoongezeka tangu yale saba, yalikuwa makubwa kuliko yote. Amempa kila mwanakikundi moja, hata wale wanne walioinua mikono. Hasa wale wanne. Aliwapelekea mpaka mlangoni, akawasalimu vizuri sana, akaondoka. Mmoja wao alikuja kwangu akiwa amelibeba bado, hajui aliweke wapi.

Ndunge alikuja kutoka Njiru na watoto. Mwikali amepika malenge na maharagwe, sufuria kubwa. Mjukuu wangu mdogo alikula mpaka akasinzia na kijiko mkononi. Mwikali akanitilia chai bila kuombwa. Nimefurahi sana. Naandika hivyo hivyo, sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumamosi, 15 Desemba

Asubuhi tulivu. Ukungu kidogo mtoni.

Nilipita shambani na kumkuta Mama Wambui peke yake, amepiga magoti mpakani mwa sehemu yake. Pembeni alikuwa na bakuli la mbegu. Nikachungulia. Kishonanguo. Mnavu. Na zile ndogo za maua ya samawati. Jana alikwenda kwa Nyambura kuziomba, na Nyambura alimfungia kwenye gazeti.

Alikuwa anapanda magugu kwa mstari. Amepiga vigingi viwili, amevuta uzi, anapima shubiri moja kati ya shimo na shimo. Kigingi cha pili kilikuwa kimeng'oka na uzi umelegea.

"Usiseme kitu," akasema, bila kugeuka.

Niliinama, nikamshikia uzi.